Kalamu Haiui Utamu wa Kusoma

Kuna kauli imezagaa miongoni mwa waandishi wetu, hasa vijana, na kwa kurudiwarudiwa imekuwa kama hadithi ambayo hakuna tena anayeuliza isnadi yake. Wasema: ukishakuwa mwandishi, umeaga raha ya kusoma. Zamani ulifungua riwaya baada ya isha ukashtukia adhana ya alfajiri. Sasa humalizi ukurasa bila kusimama ukajiuliza mhusika huyu ameingizwaje, sura hii imekatiwa wapi, na kwa nini mwenzako amechagua tamathali hii akaacha ile. Macho yameshafunguka, wasema, na macho yaliyofunguka hayaoti. Basi mwandishi husoma kwa kazi tu, na hana budi kuvumilia, kwa kuwa hiyo ndiyo mahari ya fani.

Kauli hii naikataa. Naikataa kwa kuwa si kweli, na kwa kuwa inadhuru. Historia nzima ya fasihi ya pwani yetu inaikana, kuanzia tenzi za Pate na Lamu hadi majina ya leso yanayouzwa leo Biashara Street. Na madhara yake tunayaona: imewapa wavivu udhuru. Nimekutana na watu waliokwisha kuchapisha diwani, wanaotamka bila haya kwamba hawasomi tena mashairi ya wenzao, na hulitamka jambo hilo kama anayetaja cheo alichopewa. Kijana anayeanza kutunga akiwasikia huamini kwamba kuchoka na vitabu ni dalili ya kukomaa. Tukinyamaza, tutalea kizazi cha waandishi wasiosoma, na mwandishi asiyesoma hana cha kumpa msomaji.

Tuitazame hoja yao pale ilipo na nguvu zaidi, maana kuibomoa hoja dhaifu si ushindi. Mtetezi wake mashuhuri ni Mmarekani Mark Twain. Kabla ya kuwa mwandishi, Twain alikuwa rubani wa meli za mvuke katika mto Mississippi. Katika kitabu chake cha mwaka 1883 kuhusu mto huo, alieleza kwamba alipokwisha kuujua vizuri, uzuri wake ulimtoka. Machweo yaliyokuwa yakimduwaza yakawa ni habari ya upepo wa kesho tu. Gogo linaloelea likawa ni dalili kwamba maji yanapanda. Akamalizia kwa kuwahurumia madaktari, ambao kwa fikira zake hawawezi tena kuona uso mzuri bila kutafuta maradhi ndani yake. Wanaosema kalamu huua utamu wanasema yale yale, ila mto wao ni kitabu.

Nina majibu mawili. La kwanza, Twain aliacha urubani mwaka 1861, na kitabu kikatoka miaka 22 baadaye. Kabla ya kutuambia kwamba uzuri ulikufa, anatuchorea machweo yale rangi kwa rangi, kivuli kwa kivuli, hata msomaji ambaye hajawahi kufika Marekani ayaone. Kama uzuri ule ulikuwa umekufa moyoni mwake, aliutoa wapi alipoketi kuuandika? Ujuzi wa rubani ndio uliomfundisha kuutazama mto kwa makini kiasi kile, na bila ujuzi huo tusingekuwa na kurasa zile. La pili, kilichomnyima raha usukani ukiwa mkononi kilikuwa dhima. Alibeba roho za watu na mali zao, na kosa dogo lingewazamisha. Msomaji hana meli ya kuzamisha. Anaweza kusimama, akarudi nyuma, akarudia ubeti mmoja hadi usiku uche, na hakuna atakayedhurika. Twain alichanganya mzigo wa kazi na nuru ya maarifa, na waliomfuata hawakuchunguza mchanganyiko huo.

Sasa njoo Biashara Street, hapa Mombasa kisiwani, ambapo unaziacha kelele za Marikiti na Digo Road ukaingia baina ya maduka ya leso. Leso zimepangwa hadi darini, nyingine zimetundikwa mlangoni zikipeperuka juu ya vichwa vya wapita njia. Hapa ndipo nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ilipojijengea jina kwa leso zenye chapa ya K.H.E., Mali ya Abdulla, zinazojulikana pwani nzima. Nje ya maduka, barazani, mafundi wameketi na cherehani zao wakipinda leso, kwa kuwa leso hutoka kiwandani doti nzima, vipande viwili havijatenganishwa, na mnunuzi hutaka ikatwe na kupindwa kabla hajaondoka.

Wapinzani wangu hupenda kusema kwamba mwandishi haioni tena nguo, auona mshono tu. Wawaulize mafundi hawa. Mwulize fundi yeyote wa barazani ni leso ipi nzuri. Hatakuambia kwamba leso zote zimemkinai. Atakuonyesha moja bila kusita, kisha atakueleza kwa nini: rangi haikuvuka mstari wake, mapindo yamekutana sawa pembeni, mji, yaani uwanja wa kati wa leso, umekaa sawa haukupotoka. Aujuaye mshono ndiye anayejua nguo imependeza kwa sababu gani. Sisi wengine twasema imependeza, tukaishia hapo.

Lakini leso haishii kwenye kitambaa. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyochapwa chini ya mji. Jina la leso ni fasihi, tena huenda ni fasihi fupi kuliko zote tulizonazo na yenye wasomaji wengi kuliko zote. Zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja za Kirumi. Majina haya hayashuki kutoka mbinguni. Wenye maduka hutunga, wateja huleta ya kwao, na akina mama wa chama au wa harusi huagiza leso yenye maneno waliyoyachagua wenyewe. Simama mlangoni mwa duka mojawapo siku za kukaribia Idi uone namna yanavyosomwa. Muuzaji akunjua leso juu ya meza kwa mkupuo mmoja, na mnunuzi hatazami maua kwanza, ainama, asoma. Utamsikia mama wa makamo akimwambia kijana wa dukani, “Mwanangu, rangi nimeipenda, lakini maneno haya nikimpelekea wifi yangu tutanuniana hadi mfungo sita. Niteremshie ile ya juu.” Kijana haoni ajabu. Ajua kwamba anayenunua leso ananunua usemi, na usemi una mlengwa.

Chukua jina moja linalojulikana na kila mtu: Hasidi hana sababu. Asiyewahi kutunga atalisoma, ataelewa kwamba mwenye kijicho hahitaji kukosewa ili achukie, na ataridhika. Raha yake ni halali. Aliyewahi kutunga mashairi ataelewa hayo hayo, kisha sikio lake litaongeza. Maneno yale yana mizani 8 kamili, hayakuzidi wala kupungua, yaani ni kipande kizima cha mshororo wa shairi letu la mizani 16. Atasikia ha ya hasidi ikiitikiwa na ha ya hana. Ataona kwamba mtungaji hakumtaja mtu, hakutaja kosa, hakutaja wakati, na kwa hiyo neno lile laweza kuvaliwa mbele ya jirani, mke mwenza, au bosi, na hakuna atakayeweza kusema ametukanwa bila kujitaja kuwa ndiye hasidi. Au chukua Mdhaniaye ndiye siye. Mtunzi atasikia ile ye ikirudi mara tatu, kila mara ikisimama mahali pa mtu asiyejulikana. Nani kati ya wasomaji hawa wawili amefurahi zaidi? Wa kwanza amepata maana. Wa pili ameipata maana, akapata na muziki, na akapata heshima kwa mwanamke au mwanamume asiyejulikana aliyeyapanga maneno yale yakakaa. Hakuna alichopoteza. Kila alichokipata mwenzake yeye anacho, na ziada juu.

Hapo ndipo kauli ile inapoanguka kwa mara ya kwanza. Inadhani raha ni chombo chenye nafasi ya kitu kimoja, kwamba ujuzi ukiingia, hisia lazima itoke. Ukweli ni kwamba vyote viwili hukaa pamoja, na kimoja humlisha mwenzake.

Inaanguka mara ya pili kwa ushahidi wa historia, na historia hiyo iko hapa hapa. Ukitoka Biashara Street kwa miguu ukaelekea Mji wa Kale, umeingia mji wa Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita aliyefariki mwaka 1840. Muyaka alitunga juu ya vita, mapenzi, njaa, siasa za Wamazrui na Seyyid Said, na vituko vya sokoni. Alipofariki, mashairi yake mengi yalibaki vifuani mwa watu, na yangeweza kuzikwa pamoja nao mmoja baada ya mwingine. Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Yeye ndiye aliyeyakusanya na kumpatia mmisionari Mwingereza W. E. Taylor, aliyeyaandika pamoja na maelezo. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Makaratasi ya Taylor yakaishia London, na mwaka 1940 William Hichens akaitoa Diwani ya Muyaka huko Johannesburg, miaka 100 baada ya kifo cha mwenyewe. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akatupa tena Muyaka pamoja na uchambuzi wake.

Mwalimu Sikujua alikuwa nani? Alikuwa mwanachuoni, na alikuwa mshairi. Kwa mujibu wa kauli ninayoipinga, mtu wa namna hiyo angekuwa wa kwanza kumchoka Muyaka. Aliijua fani ndani nje. Aliona kila kiungo cha kila ubeti. Angesema, kama wasemavyo wa leo, kwamba macho yake yamefunguka na utamu umeisha. Lakini ndiye aliyemhifadhi. Hakuna anayekusanya na kulinda kwa miaka maneno yasiyompa raha. Tuna Muyaka leo kwa sababu mtunzi mmoja aliendelea kumpenda mtunzi mwingine. Na huko Lamu, Muhammad Kijuma, mtunzi, mchongaji na bingwa wa khati, aliuandika tena kwa mkono wake utenzi baada ya utenzi wa watu wengine. Kunakili ni kusoma kwa mwendo wa kalamu, herufi moja baada ya nyingine. Mtu aliyekinaiwa na maneno hawezi kazi hiyo.

Tena tuangalie desturi yetu ya malumbano. Wakati wa vita vya Kuduhu, mwanzoni mwa karne ya 19, washairi wa Mombasa na Lamu walirushiana mashairi kama walivyorushiana vitisho, huyu akimjibu yule. Mwenye kujibu hufuata bahari ya mwenzake, na mara nyingi hufuata hata vina vyake. Kazi hiyo huiwezi kwa kulipitia shairi la mpinzani juu juu. Lazima ukae nalo hadi likukae. Lazima ujue limekazwa wapi na limelegea wapi, na zaidi ya yote lazima likuwashe. Mshairi wa pwani tangu zamani alikuwa msomaji au msikilizaji mkali kuliko wote, kwa kuwa alijua kesho huenda akatakiwa kujibu. Desturi hiyo iliingia magazetini. Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji wake, na Taifa Leo hapa Kenya limefanya hivyo kwa miaka mingi: huyu atatoa swali kwa beti, na wengine watamjibu kutoka Lamu, Voi au Kakamega. Katika kurasa hizo huwezi kumtenga msomaji na mwandishi. Ni mtu mmoja. Kauli kwamba ukiwa wa pili unakoma kuwa wa kwanza isingeeleweka na wazee wetu hata kidogo.

Wataniambia: hayo ni mashairi, na raha ya riwaya ni nyingine. Raha ya riwaya ni taharuki, ni kutojua kinachofuata, na mwandishi huona mbele kabla hajafika. Hapa pana kosa kubwa zaidi, na ni lazima lielezwe waziwazi. Ikiwa raha ya kusoma ni kutojua kinachofuata, basi raha hiyo hufa kwa kila msomaji, mwandishi na asiye mwandishi, siku anapofika ukurasa wa mwisho. Haikuuawa na kalamu. Imekwisha kwa sababu ilikuwa fupi tangu mwanzo. Raha ya kudumu iko kwingine, na watu wa pwani hawahitaji kuelezwa hilo. Kila Mfungo Sita Maulidi ya Barzanji husomwa misikitini na majumbani. Hakuna hata mtoto asiyejua kinachofuata. Wajua lini watasimama, wajua lini wataitikia, na bado mzee aliyeisikia kila mwaka wa umri wake hububujikwa na machozi pale pale alipobubujikwa mwaka jana. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umesomwa na kurudiwa na wanawake wasiohesabika waliokuwa wakiujua kwa moyo. Raha yetu ya maneno haijawahi kutegemea ujinga wa yajayo. Imetegemea kurudia, na anayerudia ndiye anayegundua. Mwandishi ni msomaji aliyepewa sababu ya kurudia. Rudi kwenye Kiu au Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed ukiwa umeshajua mwisho wake, na ukiwa wewe mwenyewe umewahi kuhangaika kumtoa mhusika chumbani hadi barabarani, ndipo utakapoona jinsi mtu yule alivyoandika.

Ushahidi wa tatu ni tafsiri. Shaaban Robert, ambaye hakuna atakayebisha kuwa alikuwa mwandishi kamili, aliketi akamtia Omar Khayyam katika Kiswahili, na kazi hiyo ikatoka mwaka 1952. Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, alifungwa kutoka mwaka 1969 hadi 1972 kwa kijikaratasi chake cha Kenya: Twendapi?, akatunga gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki yaliyotoka mwaka 1973. Baada ya hapo, akiwa ameshajulikana kila mahali, alichukua riwaya ya Mghana Ayi Kwei Armah akaitafsiri kwa jina la Wema Hawajazaliwa. Tafsiri ni namna ya kusoma iliyo polepole kuliko zote. Hakuna sentensi unayoweza kuiruka, hakuna neno unaloweza kulikisia. Washairi hawa walikuwa na ya kwao ya kuandika na majina yao yalikuwa yameshasimama. Waliwapa waandishi wengine miezi ya maisha yao kwa kuwa walisoma, wakapenda, wakataka na sisi tupende.

Na kama mtu atataka mfano wa siku hizi wenye uzito wa dunia, yuko Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Kwa miongo kadhaa riwaya zake zilitoka huku akifundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent, yaani kazi yake ya mchana ilikuwa kusoma vitabu vya wengine kwa jicho la uchambuzi. Alihariri vitabu vya insha juu ya waandishi wa Afrika na juu ya Salman Rushdie. Kama uchambuzi na uandishi vingekuwa sumu ya kusoma, mtu huyu alikunywa zote mbili kila siku, na riwaya zake hazikukauka. Jorge Luis Borges wa Argentina alipofushwa na maradhi, na hakuacha vitabu: aliomba watu wamsomee kwa sauti, na aliendelea hivyo hadi uzeeni. Mwandishi aliyepoteza macho yake mawili hakupoteza hamu. Sisi wenye macho tunasema kalamu imetunyang'anya.

Basi kama kalamu si mwuaji, ni nani? Maana siwezi kukana kwamba wapo wanaosema kweli wanapolalamika. Utamu umewatoka, na wana huzuni. Nawaamini. Ninachokataa ni utambuzi wao wa maradhi.

Mwuaji wa kwanza ni mtihani. Wengi wetu tulikutana na riwaya na tamthilia kwanza kama vitabu teule. Mwanafunzi wa Kenya hufundishwa kuvamia kitabu akitafuta dondoo. Eleza muktadha wa dondoo hili. Taja mbinu mbili za lugha zilizotumika. Jadili ufaafu wa anwani. Akichoka hununua mwongozo, akaacha kitabu chenyewe rafuni. Chozi la Heri, Kigogo, Bembea ya Maisha, vyote ni vitabu vilivyoandikwa ili vipendwe, na vyote vimekaririwa na vijana ambao baada ya karatasi ya fasihi hawakuvigusa tena. Vijana hawa hawakuwa waandishi. Kalamu haikuwafanya chochote. Kijana wa namna hiyo akija kuwa mwandishi baadaye, huleta ule usomaji wa mtihani, huona katika kila kitabu orodha ya mbinu, kisha husema uandishi ndio uliomharibu.

Mwuaji wa pili ni ushindani. Kuna mtu asomaye kitabu cha mwenzake akiwa na swali moja tu moyoni: je, ameniacha? Akiona ameachwa, huumia. Akiona hakuachwa, hudharau. Kwa vyovyote hawezi kufurahi. Ugonjwa huu jina lake ni husuda, na tumeshasoma juu ya leso kwamba hauhitaji sababu. Usomaji wa namna hiyo hauna uhusiano na fani. Mfanyabiashara anayechungulia duka la jirani anao pia.

Mwuaji wa tatu ni uchovu wa kazi. Mhariri anayesoma miswada mibovu kutwa nzima, mwalimu anayesahihisha insha 60 usiku, mwandishi wa magazeti anayekimbizana na saa ya kupeleka makala: hawa wamechoka, na uchovu huondoa hamu ya kila kitu. Dawa yake ni mapumziko, na baada ya mapumziko hamu hurudi.

Na iko hali ya nne, ambayo nadhani ndiyo iliyozaa kauli yote hii. Mwanagenzi wa ushairi huhesabu mizani kwa vidole. Akisikiliza shairi la mwingine hawezi kusikia maneno, kwa kuwa vidole vyake vinahesabu. Kwa muda huo, ni kweli, raha imemtoka. Lakini akivumilia, siku moja vidole hutulia. Mizani huingia sikioni, na sikio husikia hesabu na maana kwa pamoja bila kujitahidi. Wengi wanaotutangazia kwamba uandishi huua usomaji wako katika hatua ya vidole. Wamefika nusu ya njia, wakaona giza kidogo, wakarudi kutuambia kwamba njia haifiki popote. Hatuwezi kuichukua habari ya aliyerudi katikati tukaifanya sheria kwa wote.

Je, hakuna kinachobadilika? Kipo, na ni haki kukitaja. Mwandishi huishiwa na uvumilivu kwa kazi ya ovyo. Riwaya iliyokuwa ikimliza akiwa na umri wa miaka 15 kwa sababu ya kifo kilichowekwa makusudi ukurasa wa mwisho haitamliza tena. Ataona hila. Wengine huita hiyo hasara. Mimi naiita faida, kwa sababu saa aliyokuwa akiwapa wadanganyifu sasa anaweza kumpa mwandishi mkweli. Na zipo faida nyingine. Hushukuru, kwa kuwa anajua gharama ya ukurasa mmoja ulionyooka. Husoma hata vitu vidogo: barua, tangazo, jina la leso lililo mgongoni mwa mwanamke anayetembea mbele yake Digo Road. Dunia ya kusoma humpanukia. Zamani ilikuwa vitabu. Sasa ni kila palipo na maneno yaliyopangwa na mtu.

Kwa hiyo nasema na makundi matatu. Walimu wa fasihi: kabla ya kudai muktadha wa dondoo, someni kitabu kwa sauti darasani, kitoke mdomoni kwanza kama hadithi, na wapeni wanafunzi watunge, hata jina la leso tu, wapate kusikia mizani 8 ikikaa mahali pake. Mwanafunzi aliyetunga mshororo mmoja atausoma utenzi kwa sikio jingine. Vijana mnaoanza kuandika: msiogope. Ikiwa vitabu vimewapoa kwa miezi kadhaa, mko katika hatua ya vidole. Endeleeni kusoma, someni polepole, rudieni mlivyovipenda zamani, na mjibuni kwa maandishi yule aliyewagusa. Nanyi wakubwa wenye majina, mnaosema hadharani kwamba hamsomi tena: acheni kuisingizia kalamu. Kalamu haikumzuia Mwalimu Sikujua, haikumzuia Kijuma, haikumzuia Shaaban Robert. Semeni ukweli kwamba mmeacha, kisha mrudi. Mwandishi aliyepoteza raha ya kusoma hahitaji kuacha kuandika. Anahitaji kufungua kitabu cha mtu mwingine, akisome hadi mwisho bila kushindana naye.